Kigari cha Mtoto Katika Ufuko wa Ostend

Wazee wetu walisema: tembea uone. Nasi tulitembea, si kwa motokari wala kwa haraka ya mtu mwenye biashara, bali kwa mwendo wa mtoto aliyelala katika kigari chake. Mwendo huo ni wa polepole. Lakini mtu aendaye hivyo huona mambo ambayo dereva hayaoni kamwe: ngazi moja tu mbele ya mlango, jiwe lililoinuka njiani, kivuli kilipo, na mahali ambapo mama mwenye kunyonyesha aweza kuketi bila kuona haya.

Sisi watu wa Kivu tumezoea kubeba watoto mgongoni. Kitenge kikifungwa vema, mama hupanda vilima vya Bukavu, huvuka kijito, huingia sokoni na kutoka, na mtoto hulala tu, shavu lake juu ya mgongo wa mamaye. Mgongo hauhitaji barabara. Kigari ndicho kinachoihitaji. Magurudumu yake madogo hukwama katika mchanga, hugonga ukingo wa njia, hushindwa na ngazi 3. Basi tulipokaribishwa Ubelgiji na dada yetu mdogo, mwenye mtoto wa miezi 8 na binti wa miaka 7, tulijifunza kipimo kipya: ukitaka kujua kama mji umewakumbuka watoto, sukuma kigari ndani yake tangu asubuhi hata jioni.

Mji tuliopima kwa kipimo hicho ni Ostend, ambao wenyeji wake huuita Oostende. Uko kando ya Bahari ya Kaskazini na una watu kama 70,000. Tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, kwa kuwa familia nyingi za Kikongo zinazokaa Brussels huenda huko siku za likizo, na tena kwa sababu nyingine ambayo itaonekana mbele.

Kutoka stesheni hata bustanini

Treni kutoka Brussels hupita Gent na Brugge, na safari yote huchukua muda upitao saa moja kidogo. Njia hiyo ya reli ni ya zamani sana: iliufikia Ostend mwaka 1838. Stesheni iko karibu kabisa na bandari, hata mtu akitoka nje husikia ndege wa baharini wakilia kabla ya kuyaona maji.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni merikebu nyeupe yenye milingoti 3, imefungwa katika gati katikati ya mji. Jina lake ni Mercator. Iliundwa mwaka 1932 ili vijana wa Ubelgiji wajifunze ubaharia. Kwa Wakristo ina heshima ya pekee, kwa maana mwaka 1936 ndiyo iliyouleta mwili wa Padri Damiano katika bandari ya Antwerp. Padri huyo aliwahudumia wakoma katika kisiwa cha Molokai, akapatwa na ugonjwa wao, akafa mwaka 1889. Naye Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2009. Kwa mwenye kigari, ngazi za merikebu si mahali pake. Lakini kutoka gatini yote huonekana vizuri. Binti yetu alihesabu kamba hadi akachoka.

Kutoka hapo ni karibu kufika Leopoldpark. Hapo zamani palikuwa na kuta za ngome zilizouzunguka mji. Baada ya mwaka 1865 kuta zilianza kubomolewa, na mahali pa mizinga pakapandwa miti. Njia za bustani hii huzunguka zunguka kando ya maji yenye bata, na iko saa kubwa iliyopandwa kwa maua. Tungependa mama mwenye mtoto mchanga aanzie hapa, kwa sababu miti huzuia upepo. Upepo wa Ostend si mchezo. Mtu atokaye moja kwa moja stesheni akaenda baharini, mtoto wake hupigwa na baridi usoni na kulia, na siku yote huharibika. Bora kwanza anyonyeshwe chini ya mti, afunikwe vema, kisha safari iendelee.

Ukuta ulio njia

Kutoka bustanini tulipanda kidogo, tukafika juu ya kile ambacho wenyeji hukiita Zeedijk, maana yake boma la bahari. Wageni wengi hudhani ni njia ya matembezi tu. Kweli ni njia pana, tambarare, na sehemu yake kubwa hairuhusu magari. Wazee huketi katika viti wakitazama maji, watoto huendesha vigari vya kukanyaga kwa miguu vinavyokodishwa, na akina mama husukuma vigari viwili viwili wakizungumza. Lakini kazi yake ya kwanza si starehe. Ni ukuta wa kuuzuia mji usimezwe na maji.

Sisi tuliozaliwa karibu na ziwa hatuna budi kueleza jambo hili. Maji ya Ziwa Kivu hukaa mahali pake. Maji ya bahari hii hupanda na kushuka mara 2 kila siku, na kati ya kujaa na kupwa huweza kuwa tofauti ya mita 4 na zaidi. Dhoruba ikitokea wakati maji yamejaa, hatari huwa kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilipita kuta zake katika nchi za Uholanzi, Uingereza na Ubelgiji, ikaua watu wengi. Ostend nao uliingiliwa na maji, na watu wake wengine wakafa. Mwaka 2011 serikali ya Flandria ilikubali mpango wa kuilinda pwani yote dhidi ya dhoruba kubwa, kwa kuinua kuta na kumwaga mchanga mwingi ufukoni ili nguvu za mawimbi zivunjike mbali na nyumba.

Basi tazama akili ya watu hawa. Walipaswa kujenga ukuta. Wakaujenga mpana na laini, hata mtoto aweza kulala juu yake. Kitu kimoja kilifanya kazi mbili. Tuliwaza habari za miji yetu, tunapojenga kuta za kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuchimba mifereji ya mvua. Je, hatuwezi kuacha juu yake nafasi ya mtu wa miguu, mama mwenye mzigo, kiwete mwenye gari lake la mkono? Gharama ya kuongeza hatua 2 za upana si kubwa kama gharama ya kuanza upya.

Kwa atakayekwenda, tunatoa mashauri machache. Mara nyingi upepo hutoka upande wa kusini magharibi. Basi anza kwa kuelekea magharibi, ukipambana nao ukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi ukusukume mgongoni. Usishuke na kigari katika mchanga mkavu: magurudumu huzama mara moja, na baba hulazimika kukibeba kama jeneza. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu kama sakafu, lakini kuufikia lazima kwanza uvuke ule mkavu. Mtazame mtoto mkubwa, kwa maana ufuko ni mrefu na watu ni wengi. Sisi tulimfunga binti yetu utepe mkononi wenye namba ya simu ya mamaye. Na bendera za waokoaji zifuatwe: ya kijani yaruhusu kuoga, ya manjano yaonya, nyekundu yakataza kabisa.

Swali la mtoto

Tulipoipita Kursaal, jumba kubwa la michezo na muziki lililojengwa upya na Léon Stynen na kumalizika mwaka 1953, tuliendelea kando ya bahari. Mtoto mdogo alikuwa amelala. Mbele yetu iliinuka sanamu ya mfalme juu ya farasi, juu sana, akitazama maji. Ni Leopold wa 2. Sanamu hiyo, kazi ya Alfred Courtens, iliwekwa hapo mwaka 1931. Chini yake kuna makundi 2 ya watu wa shaba. Upande mmoja ni wavuvi wa Ostend wanaomshukuru mfalme. Upande wa pili ni Wakongo, nao wanamshukuru. Na maandishi yasema kwamba wanashukuru kwa kuokolewa katika utumwa wa Waarabu.

Shemeji yetu alitaka tupite upesi. Lakini binti alikuwa amekwisha kusimama.

– Mjomba, alisema, huyu mbona hana mkono?

Na kweli, mmoja wa wale Wakongo wa shaba amekatwa mkono. Si kazi ya chumvi wala ya miaka. Mwaka 2004 watu fulani wa Ostend wenyewe waliukata kwa msumeno, ili mji ukumbuke mikono iliyokatwa Kongo katika siku za mpira.

Ndugu wasomaji, sisi ni mwalimu. Tumezoea maswali ya watoto, na tumezoea kuyajibu tukiwa na ubao nyuma yetu na chaki mkononi. Hapo hatukuwa na kitu. Tulikuwa na bahari mbele, kigari mkononi, na watu wakipita wakila aiskrimu. Shemeji alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto ni mdogo, aachwe acheze. Dada yetu akajibu: “Ameuliza, kaka. Akiuliza na asijibiwe, atajibiwa na mwingine.”

Tuliona kwamba dada amesema haki. Tukainama, tukamwambia mtoto hivi. Mfalme huyu aliitawala nchi ya babu zako kama shamba lake mwenyewe tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908, naye hakufika huko hata siku moja. Watu wake walitaka mpira mwingi utokao msituni. Wanakijiji walioshindwa kuuleta walipigwa, wengine waliuawa, na wako waliokatwa mikono, hata watoto. Biashara ya watumwa ilikuwako kweli kabla yake, na iliwaumiza wazee wetu wa Maniema na wa Tanganyika, hilo hatulifichi. Lakini waliofanywa hapa kuwa wenye kushukuru hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu wa hapa alikata mkono wa shaba, ili watu waulize kama wewe ulivyouliza.

Mtoto alinyamaza. Kisha akauliza kama mkono huo unaweza kurudishwa. Tukamwambia kwamba wa shaba unaweza.

Hatukuwa na neno zaidi, na hatukulitafuta. Twajua kwamba tarehe 30 Juni 2020, siku ya miaka 60 ya uhuru wetu, Mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi na kueleza majuto yake makubwa kwa mateso ya nyakati zile. Na mwaka 2022 aliyarudia maneno hayo mwenyewe huko Kinshasa. Maneno ya majuto si kitu kidogo. Lakini mbele ya mtoto wa miaka 7 ni lazima kwanza kusema lililotendeka, ndipo majuto yapate maana.

Chini ya nguzo za mfalme

Hatua chache mbele ya sanamu huanza nguzo ndefu za Koninklijke Gaanderijen. Ni njia iliyofunikwa, yenye urefu karibu mita 400, iliyochorwa na Mfaransa Charles Girault na kujengwa kati ya mwaka 1902 na 1906. Mfalme alitaka kutembea kutoka nyumba yake hata kiwanja cha mashindano ya farasi bila kulowa mvua. Girault huyo huyo ndiye aliyechora jumba la makumbusho ya Kongo huko Tervuren. Mali iliyotoka Kongo ilisaidia kulipia kazi nyingi za ujenzi za mfalme, na Ostend ulipata fungu lake.

Mvua ilianza kunyesha. Tulifanya nini? Tulikisukuma kigari chini ya paa la mfalme. Mtoto hakuamka. Hewa ya chumvi imeila saruji ya jengo hilo miaka mingi, nalo limehitaji matengenezo makubwa. Huenda mgeni akakuta sehemu zake zimefungwa. Lakini pale tulipopita sakafu ilikuwa laini, nguzo zilikata upepo, na mtoto mwenye damu ya Kivu alilala salama mahali palipojengwa ili mtu mmoja asilowe.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kipimo chetu cha asubuhi kilikuwa na upungufu. Kigari huonyesha kama mji umewakumbuka watoto wake. Hakionyeshi kama mji huo ulipokuwa ukiwatengenezea watoto wake njia ya starehe uliwakumbuka pia watoto wa wengine. Kwa hilo hutakiwa mtoto mkubwa, atembeaye kwa miguu yake na kuuliza. Nasi tungewashauri wazazi wa Kikongo waendao Ostend wasikwepe njia hiyo. Waipite. Wapumzike chini ya nguzo, kwa maana wana haki ya kupumzika hapo kuliko wengine. Na mtoto akiuliza, ajibiwe kwa kadiri ya umri wake, bila chuki na bila uongo.

Siku ya pili

Mvua ilipokwisha tuliendelea hata Mariakerke, ambako liko kanisa dogo la Bikira Maria wa Matuta ya Mchanga. Katika makaburi yake amezikwa mchoraji James Ensor, aliyezaliwa Ostend mwaka 1860 na kufa mwaka 1949. Tuliketi hapo katika ukimya mzuri. Kisha tulirudi kwa tramu ya pwani, ambayo ni msaada mkubwa kwa familia. Huenda kutoka De Panne hata Knokke, kilomita 67, karibu pwani yote ya Ubelgiji. Sehemu yake ya kwanza, kutoka Ostend kwenda Nieuwpoort, ilifunguliwa mwaka 1885 na kuvutwa kwa mvuke. Tramu mpya zina sakafu iliyo karibu na ardhi, kigari huingia bila kuinuliwa. Siku za joto huwa imejaa sana. Basi afadhali kuondoka mapema.

Siku ya pili tulipita upande wa wavuvi, mahali paitwapo Visserskaai, panapouzwa samaki na kamba wadogo wa kijivu. Hapo karibu kuna kivuko kinachowavusha watu wa miguu na baiskeli hata ng’ambo ya bandari bila malipo yoyote. Kwa mtoto, dakika chache hizo ni safari kamili ya baharini. Ng’ambo kuna matuta ya mchanga na ngome ya pembe 5 iliyoanza kujengwa mwaka 1811 kwa amri ya Napoleon. Gati la miti liingialo baharini kwa upande wa mji nalo lapendeza, lakini mbao zake hutikisa magurudumu. Mtoto aliyelala ataamka.

Mchana tuliumaliza katika Maria Hendrikapark, ambayo wenyeji huiita kwa upendo “kijisitu”. Ni bustani kubwa kuliko zote za mji huo, yenye maziwa madogo, miti mirefu na uwanja wa watoto kuchezea. Huko hakuna upepo wa bahari wala makundi ya wageni. Kama familia ina siku moja tu na mtoto ni mchanga sana, twasema iende hapa na kuiacha bahari kwa mwaka ujao.

Jioni, katika treni ya kurudi Brussels, mtoto mdogo alinyonya, binti akaegemea bega letu. Tulidhani amelala. Akauliza:

– Mjomba, wewe ulipokuwa mdogo kule Bukavu, kigari chako kilikuwa cha rangi gani?

Tukamwambia kwamba hatukuwa na kigari. Tulikuwa na mgongo wa mama, naye alikuwa na kitenge cha bluu. Alifikiri kidogo, kisha akamwomba mamaye ambebe.